Haki ya Bohemond juu ya Antiokia: Vyeo, Viapo na Ardhi katika Vita vya Kwanza vya Msalaba

Kila Mkristo asomaye kitabu cha Matendo ya Mitume analifahamu jina la Antiokia. Huko ndiko wanafunzi walikopewa kwanza jina la Wakristo (Mdo. 11:26), na ni usharika wa huko uliowawekea mikono Barnaba na Sauli na kuwatuma (Mdo. 13:1-3). Lakini historia ya mji huo baada ya wakati wa Mitume haifahamiki sana miongoni mwetu. Mwanafunzi wa Historia ya Kanisa hukutana nao tena kwa ghafula afikapo mwaka 1098, ambapo kitabu chake humwambia kwa sentensi moja tu kwamba Bohemond, mtawala wa Taranto, aliuteka mji huo akawa mtawala wa Antiokia. Kisha kitabu huendelea na safari ya kwenda Yerusalemu.

Katika makala hii tunakusudia kusimama kwenye sentensi hiyo moja. Tunauliza: mtu huyu, Mnormani aliyezaliwa Italia ya Kusini, alikuwa na haki gani juu ya mji wa Siria? Nani alimpa haki hiyo, na kwa kiapo gani? Swali hili si la wanasheria peke yao. Miongoni mwa wale waliombwa kuamua juu ya haki ya Bohemond, au waliosemekana kumpa haki hiyo, walikuwamo maaskofu na Patriaki wa Yerusalemu. Na uamuzi wao, pamoja na kukataa kwao kuamua, uliacha alama katika Kanisa kwa muda mrefu kuliko utawala wenyewe ulivyodumu.

Maana ya vyeo

Yatupasa kwanza kuondoa kosa la tafsiri. Mara nyingi cheo cha Bohemond hutafsiriwa kwa Kiswahili kuwa "mwana wa mfalme". Tafsiri hiyo inapotosha, kwa sababu Bohemond hakuwa mwana wa mfalme yeyote. Neno la Kilatini ni princeps, maana yake aliye wa kwanza, yeye atanguliaye wenzake; hapo kale Kaisari Augusto mwenyewe alipenda kuitwa hivyo. Katika Italia ya Kusini ya karne ya 11 kilikuwa cheo cha watawala wa Kilombardi wa Salerno, Capua na Benevento. Baba yake Bohemond alikuwa dux, yaani kiongozi wa jeshi, neno ambalo lugha za Ulaya zimeligeuza kuwa "duki". Na Raymond wa Toulouse, ambaye tutakutana naye baadaye, alikuwa comes, neno ambalo maana yake ya asili ni mwandamani wa mtawala. Vyeo hivi vyote vilitoka Roma ya kale, lakini kufikia wakati tunaouzungumzia kila kimoja kilikuwa kimefungamana na nchi fulani. Kumwita mtu duki pasipo kutaja nchi yake kulikuwa sawa na kumwita mtu askofu pasipo kutaja dayosisi yake.

Wala ardhi haikumilikiwa kwa namna tuliyoizoea sisi. Kabaila aliishika ardhi kutoka kwa bwana aliye juu yake. Alipiga magoti, akaweka mikono yake miwili kati ya mikono ya bwana wake, akajitangaza kuwa mtu wake, kisha akaapa juu ya Injili au juu ya masalia ya watakatifu. Naye bwana akamkabidhi ardhi kwa ishara, pengine kwa kumpa bendera. Katika makala hii tutaiita ardhi ya namna hiyo ardhi ya dhamana. Aliyeipokea alidaiwa uaminifu, ushauri na huduma ya vita. Aliyeitoa alidaiwa ulinzi. Mmoja wao alipovunja ahadi, haki ya ardhi nayo ilitikisika. Kwa hiyo mahali ambapo sisi leo tungetafuta hati na muhuri, watu wa wakati ule walitafuta kiapo na mashahidi wake. Tukilisahau jambo hili hatutaelewa kwa nini watu wenye panga walibishana miezi mingi juu ya maneno yaliyosemwa huko Konstantinopoli.

Mwana asiyekuwa na urithi

Ukoo wa Bohemond ulitoka Normandia, katika Ufaransa ya Kaskazini. Babu yake, Tancred wa Hauteville, alikuwa kabaila mdogo mwenye wana 12 kwa wake wawili na ardhi isiyoweza kuwatosha. Wengi wa wana hao walikwenda Italia ya Kusini kuuza huduma ya panga zao, na mmojawapo, Robert, aliyepewa jina la Guiscard, yaani mjanja, akawapita wote.

Mwaka 1059, huko Melfi, Papa Nicholas II alipokea kiapo cha Robert na kumthibitisha kuwa duki wa Apulia na Calabria kwa neema ya Mungu na ya Mtakatifu Petro, na kuwa duki wa Sisilia kwa wakati ujao. Robert kwa upande wake aliahidi uaminifu kwa Kanisa la Roma, pamoja na malipo ya kila mwaka ya dinari 12 za Pavia kwa kila jozi ya ng'ombe wa kulimia. Tuangalie vema jambo lililofanyika hapo. Sisilia wakati huo ilikuwa mikononi mwa Waislamu. Bari, mji mkuu wa Kibizanti katika Apulia, haukuanguka mikononi mwa Robert hadi mwaka 1071. Na Kaisari wa Konstantinopoli aliihesabu Apulia yote na Calabria yote kuwa mali ya dola yake. Papa alitoa kitu ambacho hakikuwa mkononi mwake, na Robert alipokea kitu ambacho alikuwa bado hajakiteka. Cheo kilitangulia, ardhi ikafuata. Bohemond alilelewa katika nyumba iliyojengwa juu ya desturi hiyo.

Yeye mwenyewe alibatizwa kwa jina la Marko. "Bohemond" lilikuwa jina la utani alilopewa na baba yake kwa ajili ya ukubwa wa mwili wake, kutokana na hadithi ya jitu fulani, nalo likalimeza kabisa jina la ubatizo. Mama yake aliitwa Alberada. Karibu na mwaka 1058 ilionekana kwamba Robert na Alberada walikuwa na udugu wa karibu kupita kiasi kilichoruhusiwa na sheria ya Kanisa, na ndoa yao ikatenguliwa. Robert akamwoa Sikelgaita, binti wa nyumba ya watawala wa Salerno, ndoa iliyomfaa sana katika siasa zake. Wachungaji waliowahi kukaa na wazee wa usharika kusikiliza shauri la ndoa hawatashangaa kuona kwamba sheria ya udugu inaweza kukumbukwa siku ile ile inapoleta faida. Bohemond alibaki kuwa mwana wa baba yake, lakini nafasi ya mrithi ilikwenda kwa Roger, mwana wa Sikelgaita, aliyeitwa Borsa.

Robert Guiscard alipofariki tarehe 17 Julai 1085 katika kisiwa cha Kefalonia, akiwa vitani dhidi ya dola ya Bizanti, Roger Borsa alikubaliwa kuwa duki. Bohemond, ambaye tangu mwaka 1081 ndiye aliyekuwa mkono wa kuume wa baba yake katika vita hivyo, hakupata kitu. Alimpiga vita ndugu yake, na kwa mapatano akapewa Oria, Taranto, Otranto na Brindisi. Baadaye akaongeza Bari. Hizo zilikuwa nchi nzuri, lakini kisheria zilibaki chini ya ndugu yake mdogo. Na hapa yatupasa kusahihisha nusu ya kwanza ya ile sentensi ya vitabu. Katika hati zake za Italia Bohemond alijitaja kuwa mwana wa Duki Robert. Cheo cha "mtawala wa Taranto" alivikwa na waandishi wa baadaye, wakati Taranto ilipokuwa imepata hadhi hiyo. Alipoondoka Italia, mtu huyu mwenye umri wa miaka 40 na zaidi alikuwa na jina la baba mkubwa, miji kadhaa, na cheo chochote hakuwa nacho.

Alipata habari za msafara wa kwenda Yerusalemu mwaka 1096, alipokuwa katika kuuzingira mji wa Amalfi pamoja na ndugu yake. Inasimuliwa kwamba aliagiza joho la thamani likatwe vipande vya kushona misalaba, na askari wengi wakamfuata hata Roger akabaki karibu peke yake. Hatupendi kusema kwamba Bohemond hakuwa na imani. Watu wa karne ile hawakutenganisha hija na ushindi kwa wepesi tunaotenganisha sisi. Lakini miongoni mwa viongozi wote wa safari ile hapakuwa na mwingine aliyehitaji nchi kama yeye.

Kiapo cha Konstantinopoli

Bohemond aliwasili Konstantinopoli mwezi Aprili 1097. Kaisari Alexios Komnenos alimfahamu vizuri, maana walikuwa wamepigana miaka kumi na sita kabla. Kaisari alidai kila kiongozi aape kwamba miji na nchi zote zilizokuwa za dola yake hapo mwanzo, wakizikomboa kwa Waturuki, watazirudisha kwake. Naye aliahidi kuwasaidia. Dai hilo halikuwa la ajabu. Antiokia ilikuwa imerudi kwa Wabizanti mwaka 969 na ilipotea mwishoni mwa mwaka 1084. Kwa hiyo wazee wa umri wa kati walikumbuka siku ambazo gavana wa Kaisari alikaa ndani yake. Bohemond aliapa bila ubishi. Raymond wa Toulouse, kinyume chake, alikataa kuwa mtu wa bwana mwingine asiye Kristo, akakubali tu kuapa kwamba hatamdhuru Kaisari maisha yake wala heshima yake.

Mashahidi wetu wawili wakuu hawalingani katika yaliyofuata, na ni vema wanafunzi wetu waone jinsi inavyobidi kuwapima. Anna Komnene, binti wa Kaisari, alikuwa msichana wa miaka 13 wakati huo, na aliandika akiwa mzee. Yeye asema Bohemond aliomba cheo cha domestikos wa Mashariki, yaani jemadari mkuu wa majeshi ya dola katika Asia, na Kaisari akamjibu kwa maneno matamu yasiyokuwa na ahadi ndani yake. Kwa upande wa pili, mwandishi asiyejulikana jina wa kitabu kiitwacho Matendo ya Wafaranki, aliyesafiri katika jeshi la Bohemond, asema Kaisari alimwahidi Bohemond nchi ng'ambo ya Antiokia yenye urefu wa safari ya siku 15 na upana wa siku 8. Wachunguzi wengi wameona kwamba maneno hayo yaliongezwa baadaye, wakati Bohemond alipokuwa akitafuta watu wa kumsaidia katika Ulaya. Sisi nasi twaona hivyo. Ahadi ikiwa ilikuwapo, ni ajabu kwamba Bohemond mwenyewe hakuitaja alipoihitaji zaidi, katika shauri ambalo sasa tutalieleza.

Shauri mbele ya kiti cha Petro

Jeshi lilifika Antiokia mwezi Oktoba 1097 na kuuzingira mji kwa miezi minane yenye njaa na mauti. Mwezi Februari 1098 Tatikios, jemadari wa Kaisari, aliondoka na hakurudi. Bohemond alikuwa amekwisha kupatana kwa siri na Firuz, mlinzi wa mnara mmoja wa ukuta. Lakini kabla ya kufunua siri hiyo aliwataka wenzake wakubali kwamba atakayeweza kuuingiza mji mikononi mwao apewe uwe wake. Walikataa. Habari zilipofika kwamba jeshi kubwa la Kerbogha wa Mosul linakaribia, wakakubali, kwa sharti moja: Kaisari akija kuwasaidia kama alivyoahidi, mji utarudishwa kwake kwa kuwa wameapa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Juni 1098 watu wa Bohemond walipanda ukuta, na mji ukaangukia katika mauaji makubwa. Tarehe 28 Juni Kerbogha naye akashindwa nje ya malango.

Kaisari hakuja. Alikuwa njiani, lakini huko Filomelio alikutana na Stephen wa Blois, aliyetoroka jeshini akiamini kwamba wenzake wamekwisha kuangamia, naye akageuka kurudi. Hapo ndipo shauri lilipozaliwa. Bohemond alisema: kiapo kilikuwa na pande mbili, na upande wa pili umekivunja. Raymond, ambaye watu wake walikishikilia kasri la gavana wa zamani na mnara wa daraja, alisema: tumeapa, na hatuwezi kujifungua wenyewe kutoka katika kiapo. Mtu aliyekataa kuapa kiapo kamili ndiye sasa aliyekitetea, na yule aliyekiapa mara moja ndiye aliyekikana. Pengine Raymond alikuwa pia na wivu. Lakini hoja haiwi mbaya kwa sababu msemaji wake ana wivu.

Mwezi Novemba viongozi walikutana katika kanisa la Mtakatifu Petro mjini humo. Mwandishi wa Matendo ya Wafaranki asimulia kwamba Bohemond alieleza mapatano yake na wenzake na kutoa hesabu yake, na Raymond akayataja maneno ya kiapo alichomwapia Kaisari, tena, asema, kwa ushauri wa Bohemond mwenyewe. Kisha maaskofu, pamoja na Godfrey na wakuu wengine, walijitenga wakaingia mahali palipokuwa na kiti cha Mtakatifu Petro ili waamue kati ya hao wawili. Walikaa. Na kwa kuogopa kwamba hukumu yoyote itavunja safari ya kwenda kwenye Kaburi Takatifu, wakatoka pasipo kuitangaza.

Sisi tuliowekewa mikono hatuwezi kulisoma tukio hili kwa haraka. Adhemar, Askofu wa Le Puy, mwakilishi wa Papa ambaye viongozi wote walimheshimu, alikuwa amefariki tarehe 1 Agosti, na hakuna aliyeweza kuvaa mamlaka yake. Maaskofu waliobaki walikuwa wageni waliokula katika kambi za mabwana zao. Walikuwa na sababu ambayo ilionekana kuwa ya kiroho: safari ya Yerusalemu. Lakini kwa kutosema neno walikuwa wamesema, kwa maana mji ulibaki mkononi mwa mwenye askari wengi ndani yake. Mwezi Januari 1099, Raymond alipokwisha kuelekea kusini, Bohemond aliwafukuza watu wake kutoka mahali walipopashikilia. Hapakuwa na hukumu iliyomzuia, na hapakuwa na hukumu iliyompa haki.

Mkono wa Patriaki

Bohemond alijua upungufu huo. Angeweza kutawala kwa upanga, lakini jina la princeps lilihitaji mtu wa juu wa kulithibitisha. Kaisari asingefanya hivyo. Duki wa Apulia alikuwa ndugu yake, na kumkiri kungekuwa kurudi alikotoka. Mwezi Septemba 1098 viongozi walimwandikia Papa Urban II wakimwomba aje Antiokia mwenyewe, kwenye kiti cha Petro. Nao waliongeza kwamba wamewashinda Waturuki na wapagani, lakini hawawezi kuwashinda wazushi, yaani Wayunani, Waarmenia, Wasiria na Wayakobo. Jina la Bohemond lilitangulia katika barua hiyo. Tuseme wazi kwamba haya yaliandikwa juu ya Wakristo wenyeji wa mji ule ambao Wakristo walipewa jina lao. Papa hakuja.

Badala yake alikuja Daimbert, Askofu Mkuu wa Pisa, pamoja na merikebu za mji wake. Kituo chake cha kwanza katika Siria kilikuwa Laodikia (ile ya pwani ya Siria, wasomaji wasiichanganye na ile ya kitabu cha Ufunuo), ambako merikebu hizo zilimsaidia Bohemond kuuzingira mji uliokuwa wa Kaisari, mji wa Kikristo. Kisha Bohemond alisafiri pamoja naye hadi Yerusalemu, na wakati wa Krismasi ya mwaka 1099 Daimbert aliwekwa kuwa Patriaki. Fulcher wa Chartres, aliyekuwa katika safari hiyo, anaandika kwamba Godfrey na Bohemond walizipokea nchi zao kutoka kwa Patriaki kwa ajili ya upendo wa Mungu. Kwa hiyo mtu aliyesaidiwa kupata kiti alimthibitishia msaidizi wake ardhi, ndani ya siku chache.

Je, tendo hilo lilikuwa na nguvu gani kwa sheria ya Kanisa? Mwanafunzi anayekumbuka kanuni za mitaguso ya kale ataona tatizo lake. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliitambua heshima ya Antiokia katika kanuni yake ya 6. Yerusalemu ilipata mamlaka ya Kipatriaki katika Mtaguso wa Kalkedoni mwaka 451, tena juu ya Palestina tu. Patriaki wa Yerusalemu hakuwa na amri juu ya kanisa la Antiokia, sembuse juu ya mashamba yake na minara yake. Zaidi ya hayo, Antiokia ilikuwa na Patriaki wake halali, aliye hai. Huyo alikuwa Yohana wa Nne, Myunani, ambaye Waturuki walimtesa wakati wa kuzingirwa mji, na ambaye wapiganaji wa msalaba wenyewe walimrudisha kitini kwa heshima mwaka 1098. Hakuulizwa. Krismasi ile ile Daimbert aliwabariki maaskofu wa Kilatini kwa ajili ya Tarso, Artah, Mamistra na Edesa. Baada ya miezi michache Yohana aliondoka kwenda Konstantinopoli, na mahali pake akawekwa Bernard wa Valence, mmoja wa wale waliobarikiwa Yerusalemu.

Hapo ndipo cheo cha mtawala na cheo cha Patriaki vilipofungamana. Bohemond hakuweza kumwacha Patriaki wa Kiyunani kitini, kwa sababu kila alipotajwa Kaisari katika sala za kanisa kuu, dai la Kaisari juu ya mji lilisomwa mbele ya watu. Na Bernard hakuweza kuwa Patriaki isipokuwa Bohemond awe mtawala.

Mapatano ya Devol

Yaliyofuata tutayapita kwa haraka. Mwezi Agosti 1100 Bohemond alikamatwa na Mturuki wa nyumba ya Danishmend, akakaa kifungoni hadi mwaka 1103, alipokombolewa kwa vipande 100,000 vya dhahabu. Mpwa wake Tancred aliutunza mji na kuupanua. Mwaka 1104 baada ya kushindwa huko Harran, Bohemond alirudi Ulaya kutafuta jeshi. Anna Komnene asimulia kwamba alipita katika bahari ya Wayunani ndani ya jeneza pamoja na jogoo aliyekufa ili harufu iwadanganye walinzi, hadithi ambayo haituhusu hapa isipokuwa kwa kuonyesha jinsi alivyoogopwa. Mwaka 1106 alimwoa Constance, binti wa Mfalme Philip wa Ufaransa. Mjukuu wa kabaila mdogo wa Hauteville sasa alikuwa mkwe wa mfalme, na hiyo ni kazi iliyofanywa na cheo cha Antiokia. Mwezi Oktoba 1107 alivuka bahari na kuishambulia dola kule Dyrrachium, alikopigana pamoja na baba yake ujanani. Alishindwa kwa njaa na magonjwa. Mwezi Septemba 1108 aliyakubali mapatano ya Devol.

Anna ametuhifadhia maneno ya mapatano hayo kwa urefu, na hakuna hati nyingine ya wakati ule inayotuonyesha wazi hivi maana ya kushika ardhi. Mapatano ya kwanza, yale ya 1097, yalitangazwa kuwa yamebatilika kwa sababu ya yaliyotokea. Bohemond akawa mtu kamili wa Alexios na wa mwanawe Yohana; Wayunani hawakuwa na neno la jambo hilo, ikawabidi kulichukua la Kifaranki na kuliandika kwa herufi zao. Antiokia alikabidhiwa kwa muda wa maisha yake tu, kisha irudi kwa dola. Miji ya Kilikia, Tarso ikiwamo, pamoja na Laodikia na miji ya pwani, iliondolewa katika nchi yake. Kama fidia angelipwa talanta 200 kila mwaka. Tancred asipokubali, Bohemond angempiga vita. Na Patriaki wa Antiokia asitoke katika watu wa Bohemond, ila ateuliwe na Kaisari kutoka miongoni mwa watumishi wa Kanisa Kuu la Konstantinopoli. Aliapa juu ya Injili iliyokuwa mbele yake, akiutaja msalaba, taji ya miiba, misumari na mkuki.

Alipewa pia cheo cha sebastos. Wanafunzi wanaosoma Agano Jipya kwa Kiyunani watalitambua neno hilo katika Mdo. 25:21, ambapo linamtaja Kaisari mwenyewe. Ni tafsiri ya "Augusto". Katika siku za Alexios lilikuwa limeshuka thamani hata likagawiwa kwa ndugu wa Kaisari na wakuu wa kigeni. Hivyo Bohemond alibeba majina mawili ya Augusto, moja la Kilatini na moja la Kiyunani: la kwanza lilimaanisha kwamba hana bwana, la pili kwamba anaye.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tunayaona mapatano haya kuwa muhimu, hali hayakutekelezwa. Tancred alikataa kabisa, na Bohemond hakurudi Siria kumlazimisha. Alifariki Italia mwezi Machi 1111, akazikwa Canosa, pembeni mwa kanisa kuu, katika kaburi dogo lenye kuba na milango ya shaba ambalo wageni hulitazama hadi leo. Umuhimu wake ni huu: kwa mara ya kwanza haki ya Antiokia iliandikwa na kuapiwa na pande mbili zilizohusika, na ndani yake Kaisari alidai ukuta na kiti cha Patriaki kwa pamoja. Tangu siku hiyo kila Kaisari mwenye nguvu alirudi na karatasi hiyo. Mwaka 1137 Raymond wa Poitiers, aliyekuwa amemwoa mjukuu wa Bohemond, alilazimika kumwapia Kaisari Yohana. Mwaka 1159 Kaisari Manuel aliingia Antiokia juu ya farasi, naye mtawala wa mji akitembea kwa miguu kando yake.

Sharti la Patriaki lilichukua muda zaidi. Mwaka 1164 Bohemond wa Tatu, kitukuu wa mtu wetu, alitekwa vitani, na baada ya kufunguliwa alikwenda Konstantinopoli kuomba fedha za kulipia fidia yake. Alirudi mwaka 1165 akiwa na fedha, na pamoja nazo Patriaki wa Kiyunani, Athanasio. Aimery, Patriaki wa Kilatini, aliondoka mjini kwa hasira na kuuwekea marufuku ya ibada. Kwa miaka mitano mji wa Antiokia ulikuwa na mchungaji ambaye Walatini hawakumtaka, na mwingine aliyekaa ngomeni akiwanyima sakramenti. Tarehe 29 Juni 1170, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, lilitokea tetemeko kubwa la ardhi. Kanisa la Mtakatifu Petro, lile lile ambamo maaskofu walikaa pasipo kutangaza hukumu, lilimwangukia Athanasio akiwa katika ibada, naye akafa kwa majeraha. Bohemond wa Tatu akaenda kumsihi Aimery arudi.

Sultani Baybars aliuteka mji mwaka 1268. Cheo cha mtawala wa Antiokia kiliendelea kutumiwa na mabwana wa Tripoli, ambao hawakuwa na ukuta hata mmoja huko. Cheo cha Patriaki wa Kilatini wa Antiokia nacho kiliendelea kutolewa Roma, kwa watu waliokichukua kama heshima tu, hadi kilipofutwa mwaka 1964.